KALIBU, SHABAHA NA MTAMBO: MSAMIATI WA BASTOLA KATIKA KISWAHILI CHA PWANI YA KUSINI YA KENYA

1.0 UTANGULIZI

Madhumuni ya makala haya ni kuyachunguza maneno ambayo Kiswahili hutumia kuzungumzia bastola na bunduki, hasa pale msemaji anapotaka kueleza mambo matatu: kama silaha inategemewa kufanya kazi yake, kama inapiga pale inapolengwa, na kama ukubwa wa risasi yake unalingana na kazi iliyokusudiwa. Mambo haya ndiyo yanayomshughulisha mlenga shabaha uwanjani na mwindaji porini. Ndiyo pia yanayomshughulisha hakimu, mkalimani na shahidi pindi silaha inapofikishwa mahakamani. Tutajaribu kuonyesha kwamba lugha yetu ina hazina kubwa ya maneno ya silaha za moto, lakini hazina hiyo ilijengwa juu ya bunduki ya kushindilia. Kwamba baadhi ya maneno yake ya zamani yafaa yarudishwe kazini. Na kwamba mengine hayana budi kutenganishwa maana kabla hayajaleta madhara.

Tumelianzia suala hili Shimoni, kwenye pwani ya Kwale, kwa sababu hapo utata wa neno moja unaonekana waziwazi. Shimoni ni mji wa wavuvi unaotazamana na kisiwa cha Wasini. Eneo hili ni la wasemaji wa Kichifundi na Kivumba, lahaja ambazo H. E. Lambert alizieleza katika vijitabu vyake vya mwaka 1957 na 1958, na nyuma yao, bara kidogo, wako wasemaji wa Kidigo. Kwa mvuvi wa sehemu hizi, bunduki si lazima iwe na baruti. Bunduki ni chombo cha kuzamia: mti uliochongwa, mipira ya kuvutwa, na chuma chenye ncha kinachorushwa kumchoma samaki chini ya maji. Serikali ya Kenya ilikipiga marufuku chombo hicho mwaka 2001, pamoja na nyavu za kukokota. Basi mtu akisema kwamba kijana fulani amekamatwa na bunduki, msikilizaji wa Nairobi atafikiri habari ya ujambazi, na msikilizaji wa Shimoni huenda akafikiri habari ya samaki. Kosa la kwanza huangukia Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. La pili huangukia sheria ya uvuvi. Umbali wa adhabu baina ya makosa hayo ni mkubwa mno, ilhali neno ni lile lile.

Si nia yetu kulilaumu neno. Maneno hupanuka kwa kufuata mahitaji ya watu, na mvuvi aliyeona chombo chenye kitako, chenye kulengwa na chenye kufyatuliwa hakukosea alipokiita bunduki. Linalotupasa ni kujua ni lini upana huo unafaa na ni lini haufai.

2.0 TABAKA ZA MSAMIATI

2.1 Maneno ya kupokewa na maneno ya nyumbani

Maneno makuu ya silaha za moto yalifika pwani kwa njia ya bahari. Bunduki ni Kiarabu, na asili yake ni neno bunduq, yaani tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu. Jina la tunda lilipewa kidonge cha kurushwa, na jina la kidonge likapewa chombo chenye kukirusha. Baruti inapatikana kwa sura zinazokaribiana katika Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Risasi ni Kiarabu tena, na maana yake ya kwanza ni madini yale mazito na laini ambayo hadi leo fundi huyayeyusha kuungia vyuma. Kombora limetoka upande wa Uajemi na Uturuki. Bastola ni pistola ya Wazungu. Kugeuka kwa p kuwa b kunaelekeza kwamba neno lilipitia kinywani mwa Waarabu, ambao lugha yao haina sauti ya p.

Lakini si vyema kudhani kwamba kila kitu kilikopwa. Mzinga wa kupigia meli ni mzinga ule ule wa nyuki: gogo lililotobolewa ndani likawa na uwazi mrefu. Kulenga ni neno la Kibantu. Muhimu zaidi kwa hoja yetu ni mtambo na kufyatua. Mtambo ni chombo chochote kinachofanya kazi kwa kukazwa na kuachiliwa, na mtego wa mnyama ni mtambo kabla ya bunduki kuwa mtambo. Kufyatua ni kukiachilia kilichobanwa. Kwa hiyo mwindaji wa pwani alipopewa bunduki hakuhitaji neno jipya la tendo lile. Aliifyatua bunduki kama alivyoufyatua mtego.

2.2 Lugha ya bunduki ya kushindilia

Bunduki iliyojulikana zaidi na watu wa kawaida katika karne ya 19 ilijazwa kwa mbele. Mpigaji alipima baruti, akaimimina mtutuni, akaishindilia kwa ufito, akatia risasi, kisha akaiwasha kwa jiwe la kutoa cheche au, baadaye, kwa fataki. Hatua hizi zote zimeacha alama katika lugha. Kushindilia ni kitenzi cha kazi hiyo, na hata leo mwandishi wa habari husema mtu ameshindiliwa risasi ijapokuwa hakuna aliyeshindilia kitu. Mtutu uliitwa pia kasiba, neno la Kiarabu lenye maana ya utete. Kiasi, ambalo leo ni kipimo cha jambo lolote, lilitumika kwa maana ya fungu la baruti na risasi lililokwisha pimwa, na kamusi za zamani zinalieleza hivyo. Gobori, au gobole kama wasemavyo wengi nchini Tanzania, ni jina la bunduki yenyewe. Gumegume ni bunduki ya jiwe la cheche. Fataki ni kile kifuniko kidogo chenye kulipuka. Leo ni baruti za sherehe, na nchini Tanzania, baada ya kampeni moja ya redio, likawa jina la mtu mzima anayewalaghai wasichana wadogo.

Kuendelea kutumika kwa bunduki za namna hii hakukuwa bahati tu, bali kulitokana pia na sheria. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 uliwekea mipaka uingizaji wa silaha barani Afrika, baina ya latitudo ya nyuzi 20 kaskazini na ya nyuzi 22 kusini. Silaha zenye shabaha ya uhakika, yaani zenye mifuo ndani ya mtutu, zenye kubeba risasi nyingi, au zenye kujazwa kwa nyuma, zilizuiliwa zisiuzwe kwa wenyeji ila kwa masharti makali. Gumegume yenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara viliweza kuuzwa. Kwa maneno mengine, shabaha yenyewe ilifanywa jambo la leseni. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopata hati yake ya kifalme mwaka 1888 na iliyokuwa na kituo Shimoni, ilikuwa miongoni mwa wenye silaha za daraja la kwanza. Miaka michache baadaye, mwaka 1895, vita vilizuka baina ya Waingereza na Mbaruk bin Rashid wa Gazi, wa ukoo wa Mazrui. Vita hivyo vilipita katika pwani hii hii hadi Aprili 1896, Mbaruk alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani.

Tabaka hili la historia linaeleza kwa nini msamiati wetu una maneno mengi kuhusu kujaza bunduki na machache kuhusu kuipima. Bastola ya kisasa ilitufikia ikiwa tayari imeundwa kiwandani, ina vipimo vyake na majina yake. Magazeti ya Kenya huandika bastola aina ya Ceska, na mitaani husikika mguu wa kuku, jina lililotokana na umbo. Yote mawili yanaitambulisha silaha, lakini hakuna linalotuambia silaha hiyo inafanya nini.

3.0 KUTEGEMEWA KWA SILAHA

3.1 Kulia, kukataa na kukwama

Sifa ya kwanza ya bastola, iwe ya uwanjani au ya porini, ni kwamba ikifyatuliwa ipige. Kiswahili kina vitenzi vya wazi hapa. Bunduki hulia. Isipolia, imekataa. Ikilia mara moja kisha isiendelee, imekwama. Tofauti hii ya kukataa na kukwama si ya mapambo, kwa maana inalingana na tofauti ya kiufundi.

Bastola ni za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ina kasha la mviringo lenye matundu, mara nyingi sita, linalozunguka kila mpigaji anapovuta triga. Samuel Colt alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1836. Bastola hii ikikataa, kosa aghalabu ni la risasi: fataki ni mbovu au baruti imeingia unyevu. Mpigaji huvuta tena, na tundu linalofuata huja mahali pake. Namna ya pili hujijaza yenyewe. Nguvu ya mlipuko hukisukuma nyuma kifuniko cha juu, ganda tupu hutupwa nje, na risasi mpya hupandishwa kutoka magazini iliyo ndani ya mpini. Hii huweza kukataa kama ile ya kwanza, lakini huweza pia kukwama: ganda likabanwa mlangoni, risasi ikapanda upande, au kifuniko kisirudi mahali pake. Sababu zaweza kuwa magazini iliyopinda midomo, risasi dhaifu isiyotoa msukumo wa kutosha, mafuta kukauka, au mkono wa mpigaji kulegea.

Katika mji kama Shimoni huongezeka adui mmoja zaidi, nayo ni hewa ya bahari. Chumvi na unyevu huleta kutu haraka katika springi, katika triga na ndani ya mtutu. Silaha isiyosafishwa na kupakwa mafuta hapa huharibika mapema kuliko ile iliyo katika nchi kavu. Kutegemewa, kwa hiyo, si sifa ya chuma pekee. Ni uhusiano wa silaha, risasi, mtunzaji na mahali.

Kwa dhana hii pana tunapendekeza neno utegemevu, kwa kuwa uthabiti huelekea zaidi kwenye kutotikisika, na uaminifu ni sifa ya mtu. Lugha ya mitaani imekwisha kutambua ujirani wa sifa hizi mbili kwa njia yake: gumegume ni bunduki ya zamani, na mume gumegume ni mwanamume asiyetegemewa kwa lolote. Kamusi huyaweka maneno haya mbalimbali. Msikilizaji huyasikia karibu.

3.2 Kufyatua na kufyatuka

Utegemevu una upande wa pili ambao watu huusahau, nao ni kwamba silaha isilie pale isipotakiwa kulia. Bastola nyingi za kisasa zimeundwa kwa nia hiyo. Ile ya Glock, kwa mfano, iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina vizuizi vitatu vinavyofanya kazi vyenyewe, kimoja kikiwa juu ya triga, kimoja kikiizuia sindano ya kupigia fataki, na kimoja kikizuia kulia endapo silaha itaanguka.

Hapa sarufi ya Kiswahili inaingia moja kwa moja katika suala la hatia. Tuzilinganishe sentensi tatu:

(a) Alifyatua bastola.
(b) Bastola ilifyatuliwa.
(c) Bastola ilifyatuka.

Ya kwanza inamtaja mtendaji. Ya pili inamficha lakini inakiri kwamba yupo. Ya tatu, kwa kauli ya kutendeka, inamwondoa kabisa. Tendo linakuwa kama limejitokea. Mwenye silaha anapoeleza tukio, mara nyingi huteua sentensi (c), na kila msemaji wa lugha huiona kuwa ya kawaida. Mkalimani akiitafsiri kwa Kiingereza kwa kitenzi kisicho na mtendaji, amelinda maana. Akiitafsiri kana kwamba ni sentensi (a), amemtia mtu hatiani. Na akiongeza neno la kwamba silaha ilijifyatua yenyewe, ametoa ushahidi wa kiufundi ambao hakuna aliyeutoa. Kama bastola ina vizuizi vitatu na vyote ni vizima, kufyatuka bila triga kuvutwa ni jambo la nadra sana, na hilo ni la mtaalamu wa silaha kulisema. Kazi ya mkalimani ni kuitunza kauli ya kutendeka jinsi ilivyo.

4.0 SHABAHA

Neno shabaha lina maana tatu ambazo wasemaji huzichanganya bila taabu. Kwanza, shabaha ni kitu kinacholengwa: wameweka shabaha ukutani. Pili, ni tendo la kulenga: alichukua shabaha. Tatu, ni sifa: fulani ana shabaha, au bastola hii ina shabaha. Maana ya nne, ile ya lengo la maisha au la mpango, imetokana na ya kwanza.

Maana ya tatu ndiyo yenye tatizo, kwani inachanganya sifa ya mtu na sifa ya chombo, na ndani ya sifa ya chombo inachanganya mambo mawili. Tuchukue mfano wa uwanjani. Bastola ikikazwa juu ya meza isitikisike, ikapiga risasi tano kwa umbali wa mita 25, matundu matano yatatokea kwenye karatasi. Yakiwa yamesongamana mahali padogo, silaha ina ukaribiano mzuri. Lakini msongamano huo waweza kuwa kando kabisa ya kitovu, kwa sababu alama za kulengea hazikurekebishwa. Silaha hiyo ina ukaribiano bila usahihi, na dawa yake ni kurekebisha alama tu. Silaha nyingine yaweza kuyatawanya matundu huku na huko kuzunguka kitovu, hata wastani wake ukawa kitovu chenyewe. Hiyo haina ukaribiano, na marekebisho ya alama hayatamfaa mwenyewe.

Tunapendekeza, basi, neno ukaribiano litumike kwa jinsi risasi zinavyokusanyika, na usahihi kwa jinsi mkusanyiko ulivyo karibu na kitovu. Fungu la matundu lenyewe laweza kuitwa kishada, neno lililokwisha zoeleka kwa vitu vidogo vilivyoshikamana. Shabaha ibaki kwa mtu, kwa maana ya ustadi, na kwa kitu kinacholengwa.

Utenganisho huu una maana kubwa kwa bastola kuliko kwa bunduki ndefu, kwa sababu ya hesabu nyepesi. Bastola huwa na kiasi cha sentimita 16 baina ya alama ya nyuma na alama ya mbele. Mkono ukiiachia alama ya mbele ipotoke milimita moja tu, kosa hilo hukua kadiri umbali unavyokua: katika mita 25, risasi itapotoka zaidi ya sentimita 15. Kwenye shabaha ya mashindano ya kimataifa ya umbali huo, ambapo duara la alama 10 lina kipenyo cha sentimita 5, mpigaji huyo atapata alama 4. Bunduki ndefu yenye sentimita 65 baina ya alama zake, kwa kosa lile lile la milimita moja, itapotoka chini ya sentimita 4. Bastola ya kisasa, basi, aghalabu ina ukaribiano mzuri kuliko mwenye kuishika, na lawama nyingi zinazotupiwa chombo ni za mkono. Kwa mwenye kupiga bila kuwa na hakika ya anacholenga, wahenga wamekwisha kusema: mlenga jiwe kundini hajui limpataye.

5.0 KALIBU, KALIBA NA KIPENYO

Tumefika kwenye neno lililotupa jina la makala haya. Ukubwa wa uwazi wa mtutu, na wa risasi inayopita humo, kwa lugha za Ulaya huitwa kwa neno ambalo Kenya limeingia kwa sura ya kaliba. Msemaji wa leo hulitumia zaidi kwa watu: kiongozi wa kaliba hii, mwandishi wa kaliba ile. Katika habari za silaha, waandishi huliepuka na kusema bastola ya milimita tisa.

Linaloshangaza ni kwamba neno hili lina ndugu aliyetangulia kufika. Lugha za Ulaya zililipata kutoka Kiarabu, qālib, yaani chombo cha kusubia au cha kutengenezea umbo, na Waarabu nao walilipata kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa ni mti wa fundi viatu wa kuumbia kiatu. Kiswahili kililichukua neno hilo hilo la Kiarabu moja kwa moja, kikawa na kalibu: chombo cha kusubia madini, kama vile risasi. Mwenye gobori aliyeyusha risasi, akaimimina kalibuni, akapata kidonge kilichoingia mtutuni mwake. Mtutu na kalibu vilikuwa lazima vilingane. Ukubwa wa kimoja ulikuwa ndio ukubwa wa kingine. Hivyo ndivyo huko Ulaya jina la chombo cha kusubia lilivyokuwa jina la kipimo cha mtutu. Njia hiyo hiyo ya maana ilikuwa wazi kwa Kiswahili, na haikupitwa tu kwa sababu bunduki za kiwandani zilikuja na risasi zilizokwisha subiwa.

Mabaki ya hesabu hiyo ya zamani yangali katika bunduki ya marisau. Namba 12 ya bunduki hiyo si milimita wala inchi. Ni idadi ya vidonge vinavyopatikana kwa kusubu ratili moja ya risasi, kila kidonge kikiwa na ukubwa wa kuingia mtutuni. Ndiyo maana namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12: ratili imegawanywa mara nyingi zaidi. Mtutu wa namba 12 ni kama milimita 18.5, na wa namba 20 ni kama milimita 15.6. Mkalimani asiyelijua hili atadhani kinyume chake.

Kwa bastola, namba ni za aina nyingine, na hapa pana hadhari ya pili: namba ya kalibu ni jina kabla ya kuwa kipimo. Risasi iitwayo .38, kwa sehemu ya inchi, haina kipenyo cha .38, ina.357, yaani milimita 9.07, na jina lake limetokana na vipimo vya zamani vya ganda. Iitwayo .44 Magnum, iliyotokea mwaka 1955, ina kipenyo cha .429. Iitwayo milimita tisa ya Luger, ya mwaka 1902, kwa jina kamili ni 9×19, na namba ya pili ni urefu wa ganda. Kuna risasi nyingine za milimita tisa zenye ganda fupi au refu zaidi ambazo haziingiliani nayo. Hivyo kipenyo peke yake hakitoshi kuitambulisha risasi.

Hadhari ya tatu ni kwamba kalibu kubwa si nguvu kubwa. Risasi ya .45 ya Browning, ya mwaka 1905, ina milimita 11.4 na hutoa nishati ya jouli zipatazo 500. Ile ya .357 Magnum, ya miaka ya 1930, ina milimita 9 na huweza kutoa jouli 700 na zaidi. Bunduki ya AK-47 ina milimita 7.62, nyembamba kuliko zote mbili, lakini nishati yake hufikia jouli 2,000, kwa sababu ya wingi wa baruti na mwendo wa risasi. Shahidi anayesema bastola kubwa huenda anazungumzia urefu wa silaha, upana wa tundu au ukali wa mlio, na hakuna lolote kati ya hayo linalothibitisha mengine.

6.0 KUCHAGUA KALIBU: UWANJANI NA PORINI

Mlenga shabaha wa uwanjani huchagua kalibu ndogo, kwa sababu kishindo kidogo hakimfundishi mkono wake woga. Mashindano ya kimataifa ya bastola ya hewa, kwa umbali wa mita 10, hutumia kidonge cha milimita 4.5, na duara la alama 10 lina milimita 11.5 tu. Mashindano mengine hutumia .22, yaani milimita 5.6. Karatasi haihitaji nguvu. Inahitaji ukaribiano na usahihi.

Mwindaji ana hesabu tofauti, kwani analenga kiumbe anayesikia maumivu, na risasi isiyotosha humjeruhi mnyama badala ya kumwua. Ndiyo maana wawindaji wa Afrika ya Mashariki kwa wanyama wakubwa walitumia bunduki ndefu, kama ile ya .375 ya mwaka 1912, yenye nishati ipatayo jouli 5,800, dhidi ya jouli 500 za bastola ya milimita tisa. Bastola ya .44 Magnum hutumiwa na wawindaji wa paa huko Marekani kwa umbali mfupi, lakini hata hiyo haifiki thuluthi ya nguvu hiyo. Katika pwani ya Kwale mjadala huu ni wa maneno tu: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977, na palahala wa Shimba Hills, ambao hawapatikani porini mahali pengine popote nchini, hawana kalibu inayowafaa. Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaendelea kwa leseni, inazihitaji istilahi hizi kwa kazi ya kila siku.

7.0 MAPENDEKEZO NA HITIMISHO

Kutokana na uchunguzi huu tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe na wahusika:

(i) silaha ya moto: jina la jumla la kila silaha inayorusha risasi kwa mlipuko wa baruti;
(ii) bunduki: silaha ya moto ndefu, yenye kitako cha begani; chombo cha mvuvi kiitwe bunduki ya kuzamia, bila kufupishwa, katika hati zote;
(iii) bastola: silaha ya moto fupi, ya kushikwa kwa mkono;
(iv) kiasi: ganda, fataki, baruti na risasi vikiwa kitu kimoja; risasi: kile kirukacho peke yake; ganda: kile kibakicho;
(v) utegemevu, ukaribiano na usahihi, kama vilivyoelezwa hapo juu;
(vi) kalibu: jina la ukubwa wa mtutu na wa risasi, kipenyo: kipimo halisi kwa milimita.

Huenda msomaji akaona pendekezo la nne kuwa gumu, maana leo kila mtu huita risasi kiasi kizima. Lakini na afikirie taarifa isemayo kwamba risasi tatu zilikutwa mlangoni. Je, zilikuwa hazijapigwa, au ni vichwa vilivyopita ukutani? Jibu la kwanza linaeleza mtu aliyebeba silaha; la pili linaeleza mtu aliyeitumia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mahakama za chini huendesha mashauri kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Mtu wa Shimoni anayefikishwa Kwale ana haki ya kuelewa anashtakiwa kwa chombo gani, cha baruti au cha mpira, na maneno yake mwenyewe yafike kwa hakimu yakiwa na uzito ule ule aliowapa. Vifaa vya kuitimiza haki hiyo, kwa sehemu kubwa, vimo katika lugha tangu enzi ya gobori. Iliyobaki ni kazi yetu sisi walimu wa lugha ya kuvipambanua na kuwakabidhi wakalimani, ambao ndio wanaosimama kizimbani baina ya neno na hukumu.